Cheti cha Ta Kyaruzi

Msibani kwa Ta Kyaruzi, kule Izimbya, wasifu wa marehemu ulisomwa kwa kipaza sauti ambacho betri yake ilikuwa imechoka kuliko wafiwa. Msomaji alikuwa mpwa wake, mwalimu wa sekondari, amevaa suti iliyombana mabegani. Alipofika pale palipoandikwa kwamba marehemu alisomea taaluma ya usingizi ng'ambo, akainua juu fremu ya kioo ili sote tulioketi kwenye nyasi zilizotandazwa uani tuione. Ndani yake kulikuwa na karatasi nene yenye nembo ya taji na mabawa, maandishi ya Kiholanzi, na sahihi ya wino wa bluu uliopauka. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kwetu mtu anaweza kufa hana ng'ombe na akazikwa vizuri tu, lakini kufa hana cheti ni kuwaachia watoto kazi ya kujieleza. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mjane, Ma Kemilembe, na fremu ilipopita mbele yetu nikainama kama mtu anayetafuta kiatu. Nilijua ile karatasi ni nini. Nimejua kwa zaidi ya miaka thelathini na sikuwahi kumwambia mtu, na anayeujua mdomo wangu ataelewa kwamba hiyo haikuwa kazi ndogo.

Nilijua kwa sababu ya mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, muuguzi, nimepelekwa kwenye hospitali ya misheni huko Muleba, ambayo jina lake nitaliacha lipumzike, nikajifunze kulaza wagonjwa wa upasuaji. Mwalimu wangu alikuwa Ta Kyaruzi. Alikuwa mfupi, kifua mbele, na koti lake jeupe alilipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeujua ukosi. Chumba chake cha dawa kilitosha watu wawili wakikubaliana. Kulikuwa na kabati la mbao lenye kufuli, dirisha linalotazama migomba ya masista, na harufu ya etha iliyoingia mpaka kwenye chapati zangu za saa nne. Hapo ndipo nilipofundishwa kwamba daktari mpasuaji anakaa upande wa kisu na mtu wa usingizi anakaa upande wa kichwa, na kwamba aliye ubavuni anajali tumbo, aliye miguuni anajali mguu, lakini mtu mzima yuko kichwani. Alikuwa na sheria mbili alizozisema kila asubuhi kabla hata ya salamu. Ya kwanza: mgonjwa asiwe na kitu tumboni. Ya pili: maneno ya usingizini hayavuki kizingiti.

Sheria ya kwanza ndiyo iliyomzeesha. Mhaya hamwachi ndugu yake aende kwenye kisu na njaa, hata akiambiwa na daktari, hata akiambiwa na padri. Nilishuhudia Ta Kyaruzi akitoa ndizi za kupikwa chini ya mito, uji kwenye chupa ya maji ya baraka, na siku moja samaki mzima aliyefungwa ndani ya kanga ya mama aliyekuwa anasali kwa sauti ili tusisikie harufu. Wagonjwa wote walisema hawajala. Mzee mmoja kutoka Rubya aliapa hajala chochote huku anatafuna, akatueleza kwamba ile ni kahawa tu, buni za kuchemsha za kutafuna, kapewa na mgeni, na kuikataa kahawa ya mgeni ni matusi. "Tata," Ta Kyaruzi alimwambia kwa upole wa mtu aliyekwisha shindwa, "mimi sikuulizi kama umetukana watu. Nauliza kama umemeza." Mzee akasema amemeza lakini kidogo, na kwamba kahawa si chakula. Tukamsogeza mpaka kesho.

Sheria ya pili ilitokana na ketamini. Ilikuwa dawa yetu ya kila siku kwa sababu haishushi presha, badala yake huipandisha, na haimkatishi mtu pumzi haraka, lakini mtu anapoamka nayo hupita kwanza kwenye nchi nyingine, na huko huongea. Wake za watu walitajwa. Mipaka ya mashamba ilisahihishwa. Kuna katekista aliyeungama dhambi zake zote kwa mpangilio mzuri, kuanzia za utotoni, na mimi nikiwa nimeshika bakuli la kutapikia. Ta Kyaruzi alikuwa anafunga mlango, anasimama mbele yake kama askari, na baadaye anamwambia mgonjwa, "Ulilala kimya kabisa." Nilidhani ni huruma tu. Sikujua kwamba alikuwa na sababu zake.

Mchana nilikula kwao, nyumba ya tatu kutoka lango la hospitali. Ma Kemilembe alikuwa anapika ndizi za ebitoke na maharage, anayafunika kwa majani ya mgomba mpaka yawe laini, kisha anamimina juu ya jani katikati ya mkeka na kukaa pembeni akitazama nani anakula kama mtu na nani anakula kama mgonjwa. Juu ya kiti cha mzee, ukutani, ndipo fremu ilipokuwa. Kila mgeni mpya alielekezwa kwa kijiti cha meno. "Ile pale," Ta Kyaruzi alisema, "ni ya ng'ambo." Mgeni akiuliza imeandikwa nini, alijibu kwamba mambo ya kitaalamu hayatafsiriki. Ma Kemilembe akawa anaongeza maharage. Kila Jumamosi alipanda stuli akaipangusa fremu vumbi, akairudisha msumarini ikiwa imenyooka, na sikumsikia hata mara moja akisema neno juu yake.

Mwezi wa tisa, tukiwa kwenye mkeka ule, Ta Kyaruzi alinyoosha mkono wa kushoto achukue kikombe na mkono haukwenda. Aliutazama kwa mshangao, kama mtu aliyemtuma mtoto dukani na mtoto akabaki amesimama. Akataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Ma Kemilembe alishika rozari, na kabla hajamaliza fungu la pili mkono ukarudi, maneno yakarudi, na mzee akadai kwamba alikuwa anafikiri. Daktari wetu, kijana kutoka Mwanza mwenye subira nyingi, alimwekea kipimo shingoni. Mimi nilikuwa chumba cha dawa, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao nyembamba, na sikutoa sikio langu. Nikamsikia daktari akimwambia Ma Kemilembe, "Mama, mshipa wa shingo umebana. Damu inapita kwa shida, inapiga mluzi. Akiendelea na dawa anaweza kukaa nao miaka. Ila presha yake isishuke. Ikishuka, ubongo utakosa damu." Ma Kemilembe akauliza ubongo ukikosa damu anakuwaje. Daktari akasema anaweza kupooza, au kusahau, au kubaki anaongea asieleweke. Ma Kemilembe akasema, "Waitu daktari, yule asipoongea mimi nitaishi na nani?"

Hilo lingetosha, lakini Ta Kyaruzi alikuwa pia na ngiri. Alikuwa nayo tangu zamani, kubwa, akiifungia mkanda na kuificha chini ya koti, na mwezi wa kumi ilibana mara mbili ndani ya wiki moja mpaka akalala sakafuni akitoka jasho. Daktari akamwambia wazi kwamba ikibana mara ya tatu isirudi, utumbo utakufa na yeye atafuata. Ilibidi apasuliwe. Kuganzisha kiuno kungemshusha presha. Ganzi ya pale pale isingetosha kwa mzigo wa namna ile. Kuvuka ziwa kwenda Mwanza alikataa kwa sababu hawezi kulazwa na mtu asiyemjua. Mwenzake wa kazi alikuwa masomoni. "Atanilaza Koku," alisema, akinielekezea kile kijiti cha meno. "Nimemfundisha mwenyewe. Akikosea, nitakuwa nimejikosea."

Mtu mwenye akili angetetemeka. Mimi nilikuwa na makala. Mgeni mmoja aliyepita hospitalini alikuwa ameniachia fotokopi ya utafiti wa Kizungu, na jambo lililoandikwa humo lilinipanda kichwani kuliko pombe ya lubisi. Walisema ubongo ni mla chakula mkubwa, haukai hata dakika chache bila damu. Lakini panya waliopewa dawa nzito ya usingizi, ya jamii ya thiopentoni, kabla ya damu kupunguzwa kichwani, bongo zao ziliumia kidogo kuliko za wenzao walioachwa macho. Dawa ilikuwa inaulaza ubongo wenyewe, unapunguza kazi, unachoma sukari kidogo na hewa kidogo, kwa hiyo unavumilia njaa. Nilisoma mara tatu. Kurasa tatu za mwisho hazikuwepo. Nilikuwa nimeiacha fotokopi mezani kwa Ma Kemilembe na ilirudi imepungua, lakini sikujisumbua, kwa sababu nilijiambia mwisho wa makala huwa ni shukrani na orodha ya vitabu. Sisi tunaitwa nshomile, wenye kusoma, na kuna wanaotucheka kwa hilo. Mimi siku hizo nilistahili kuchekwa: nilikuwa nimesoma, ila sikuwa nimemaliza.

Nikaanza kuhubiri. Nilihubiri kwenye mkeka, nikahubiri kisimani, nikahubiri kwa mpishi wa masista. Ta Kyaruzi alipenda sana. Akawa anaieleza kwa wageni kana kwamba aliisoma yeye, chini ya fremu yake: "Ni kama nyumba yenye wageni. Chakula kikipungua, walaze wageni. Aliyelala haombi." Habari zikashuka kilimani kuliko tulivyopanga. Baba mmoja alikuja na kijana wake wa seminari akauliza kama anaweza kuchomwa kidogo, ubongo upumzike kabla ya mitihani. Mama wa jirani aliomba nusu dozi ya mumewe kwa sikukuu tu, kwa kuwa pombe inamharibu kichwa na imeelezwa kuna dawa ya kukilinda. Nilimjibu kwamba jambo hilo bado linachunguzwa. Sauti niliyotumia sitaisamehe.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: thiopentoni, na kwa wingi, ili kichwa cha mwalimu wangu kilale fofofo na njaa ya damu ikija isimkute macho. Alikubali. Alikubali kwa furaha, hasa kwa sababu haikuwa ketamini. Siku mbili kabla ya upasuaji aliniita chumba cha dawa, akafunga mlango, akaniambia, "Kitu kimoja, Koku. Ketamini usinipe. Hata kidogo." Nikamwambia sina mpango. "Sitaki mpango. Nataka ahadi." Akatoa rozari mfukoni nikaapa juu yake, na yeye akaonekana amepona nusu. Kisha akanipa bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ndani kulikuwa na maswali matatu ya kumuuliza akiamka, na majibu yake, ili nijue kama kichwa kimerudi kizima. Alikuwa ameyaandika kwa mwandiko wake mzuri na kuyapigia mstari, na mkewe alikuwa ameshasomewa. Jina la mke wako nani. Umezaliwa wapi. Kazi ya usingizi ulisomea wapi. "Nikikosa hata moja," alisema, "basi mimi siyo mimi tena. Umwambie Kemilembe polepole."

Siku ya upasuaji nilikwenda wodini mapema kumwandaa. Alikuwa amelala chali, shati la hospitali limefungwa hadi shingoni, anang'aa kwa utakatifu. Nikamuuliza, kama alivyonifundisha, "Tata, umekula?" Akasema, "Koku, unaniuliza mimi?" Nikasema namuuliza yeye. Akasema hajala. Nilipoinua mto ili nimsogeze, ikaanguka karatasi iliyokunjwa kama pia, yenye mafuta, na kutoka ndani yake senene, wale panzi wa kuliwa, wakamwagika kwenye shuka. Walikuwa wamekaangwa vizuri, na vitunguu. Ulikuwa msimu wao; usiku wa kuamkia juzi walikuwa wameanguka kwenye taa za hospitali kama mvua na masista wenyewe walitoka na ndoo. Tukatazamana. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye wiki moja kabla alinyang'anywa viazi na mtu huyu huyu, akageukia ukutani na mabega yakawa yanatikisika. "Senene si chakula," alisema Ta Kyaruzi. Nikawa nawaokota. "Ni wachache, waitu. Kemilembe aliniletea alfajiri. Mke akikuletea senene wa kwanza wa msimu unamwambia nini?" Nikamwambia atasubiri mpaka jioni; yule mzee wa kahawa alisubirishwa mpaka kesho yake. Akafumba macho na kusema ni haki.

Nilikuwa naikunja ile karatasi niitupe nilipoona herufi. Ilikuwa ya Kizungu, ya fotokopi, namba ya ukurasa chini. Nikaikunjua. Ilikuwa imefungwa ndani ya nyingine, na nyingine, kwa sababu Ma Kemilembe si mtu wa kufunga kitu kwa karatasi moja mafuta yakapita. Zilikuwa kurasa zangu tatu. Nilikaa kwenye benchi la nje, kwenye jua, nikazisoma nikifuata kwa kidole pale mafuta yalipoyafanya maneno ya upande wa pili yaonekane. Hazikuwa shukrani. Waandishi walisema kwamba yaliyoonekana kwa panya hayajathibitika vizuri kwa binadamu. Walisema dawa hizi huenda zikasaidia, na walilirudia hilo neno huenda mpaka nikalichukia. Kisha walisema jambo ambalo lilinifanya niache kupumua: kwamba dawa hiyo hiyo, ikitolewa kwa wingi, hushusha presha, na kwa mtu ambaye mshipa wake umebana, presha ikishuka damu kidogo iliyokuwa inafika kichwani haifiki tena. Kulinda presha kwanza, walisema. Wageni nilikuwa nimepanga kuwalaza, ndiyo, na wakiwa wamelala ningefunga barabara ya sokoni. Kama mzee asingekula senene, saa mbili asubuhi ile ningekuwa nimeshamchoma dozi yangu kubwa kwa upendo wote. Nililia pale kwenye benchi, na sista mmoja aliyepita akanipa pole ya msiba ambao haukuwa umetokea.

Jioni nilimwambia daktari kwamba nimebadili dozi. Hakuuliza kwa nini. Nadhani aliona uso. Thiopentoni niliitoa kidogo kidogo, nikitazama macho ya mzee. Alinitazama mpaka mwisho, akasema, "Kidevu, Koku, usisahau kidevu," na akalala. Nikaweka etha nyepesi, dripu ikikimbia, kidole changu kwenye mshipa ulio mbele ya sikio. Presha ilikaa. Daktari akakata. Presha ikakaa tena. Halafu, katikati ya kazi, nikapampu kipimo cha presha na mshale wake ukashuka kupita pale nilipouzoea, na mshipa chini ya kidole changu ukawa mwembamba kama uzi. Nikafungua dripu yote. Nikapunguza etha. Nikamwambia daktari asimame, akasimama, mikono hewani. Nikapampu tena: imeshuka zaidi. Dawa ya kupandisha presha ilikuwa imekwisha hospitalini tangu mvua zianze. Kwenye trei, kwa akiba tu, kama alivyonifundisha mwenyewe kuweka akiba ya kila kitu, kulikuwa na bomba la sindano lenye ketamini.

Watu hudhani mtu wa usingizi anafikiria mambo makubwa wakati kama ule. Mimi nilifikiria ile rozari. Nilimwona amesimama chumba cha dawa na nusu ya ugonjwa imemtoka kwa neno langu. Kisha nikafikiria Ma Kemilembe kwenye mkeka na mtu asiyeongea. Nikampa ketamini kidogo. Nikahesabu pumzi zake. Presha ikapanda taratibu, mshipa ukajaa chini ya kidole, na daktari akauliza, "Naendelea?" Nikasema aendelee. Sauti yangu ilitoka ya mtu mwingine, mwenye umri mkubwa.

Nilimpeleka chumba cha kuamkia, nikafunga mlango, nikasimama mbele yake kama alivyokuwa anasimama yeye. Ma Kemilembe alikuwa nje. Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Mzee alianza kwa kuimba kidogo, wimbo wa kanisa, sauti ya pili. Kisha akafumbua macho yaliyokuwa yanatazama mahali pasipo na mtu. Nikafungua bahasha. "Tata, mke wako anaitwa nani?" Akasema, "Kemilembe, na anakuja na senene." Nikashusha pumzi. "Ulizaliwa wapi?" Akasema Izimbya, akataja hata mgomba wa kwao. "Kazi ya usingizi ulisomea wapi?" "Nilikuwa mfagizi," alisema. "Nilikuwa nafuta damu chini. Siku moja Sista daktari akaniambia, wewe, njoo ushike kidevu cha huyu asizibe pumzi. Nikashika." Akainua mkono wa kushoto, ule uliokuwa umekataa kikombe, akashika hewa kwa vidole viwili, kwa makini. "Sijakiachia mpaka leo."

Kwa mujibu wa bahasha alikuwa amekosa. Swali la nne halikuwemo. Niliongeza mwenyewe, na sijivunii. "Na cheti, Tata?" Akatabasamu kwa utamu sana. "Cha mashine ya kuchemshia vyombo. Waranti. Miaka mitano. Ikafa wa sita." Kisha akanivuta karibu na kuninong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, kwa maoni yangu, "Kemilembe asijue." Nikafungua mlango. Ma Kemilembe alikuwa ameshika rozari kwa mikono miwili. Akauliza, "Amejibu?" Nikasema amejibu. "Yote?" Nikasema yote. "Hata lile la tatu?" Nikasema hata la tatu, ng'ambo, bila kusitasita. Akanitazama kidogo, akaingia.

Kesho yake alikuwa mzima na mkali. Aliomba fomu ya usingizi aikague. Nilikuwa nimeiandika yote kama ilivyokuwa, kwa sababu alinifundisha kwamba fomu haidanganywi, na nikasimama miguuni pa kitanda wakati anasoma kwa kidole, mstari hadi mstari, mpaka kilipofika kwenye ketamini. Kidole kilikaa pale. Nikasubiri. Akaifunga fomu, akauliza kama na leo atanyimwa chakula. Mwaka ule ulikwisha, nikarudi Bukoba, nikalaza watu mpaka nilipostaafu, na hakuwahi kunitajia siku ile, wala kuniambia kama nilifanya vizuri au vibaya. Kila nilipokwenda kuwasalimu alinielekeza kwa kijiti cha meno kwenye fremu kana kwamba sijawahi kuiona, na mimi nikaitazama. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, na mimi na yeye tukawa tunaifagia kila upande bila kujua kwamba tuko na wa tatu.

Kwa maana baada ya mazishi, watu walipokwenda kunywa, Ma Kemilembe aliniita ndani. Ana miaka themanini na kitu na bado hukaa sakafuni mgongo umenyooka. Fremu ilikuwa mapajani. Akaniuliza, "Koku, siku ile, la tatu alijibuje?" Nikamwambia maneno ya usingizini hayavuki kizingiti. "Kizingiti kipi?" alisema. "Mwenye nyumba tumemzika." Basi nikamwambia: ufagio, kidevu, mashine. Hakustuka. Akasema Sista alimwambia yote kabla ya harusi, kwamba kama anataka msomi aende kwa mwingine, ila kama anataka mtu ambaye mikononi mwake hakuna aliyeacha kupumua, amchukue huyo mfagizi. Cheti kilikuja baadaye, akakizoea. Nikauliza kwa nini hakumwambia kwamba anajua. "Angelitundika nini pale?" akasema.

Kisha akageuza fremu, akavuta misumari midogo ya nyuma kwa ukucha, akatoa ubao. Kati ya ubao na waranti kulikuwa na kurasa tatu zilizokunjwa mara moja, za rangi ya chai, na mafuta ya senene bado yamechora duara katikati. Nilikuwa nimezitafuta mwaka ule nikadhani nilizitupa. Pembeni ya ile ya mwisho, kwa penseli, kwa mwandiko mzuri uliopigiwa mstari, mzee alikuwa ameandika: Nilimkatalia ketamini. Alinipa. Alifanya sawa. Ma Kemilembe akaniacha nilie, akarudisha ubao, akanikabidhi fremu na kusema niende nayo, maana wajukuu wake siku hizi wana simu zinazotafsiri.

Iko Nyanga sasa, hapa Bukoba, sebuleni kwangu, juu ya kiti changu, na Jumamosi napanda stuli naipangusa. Wageni huitazama sana. Wakiniuliza kama na mimi nilisomea ng'ambo, nawakaribisha kahawa.